Vivutio vya Kampala na majukwaa ya mitindo: mbona havikutani?

Mkazi wa Ntinda

Ndugu wanajukwaa, naleta hoja ambayo nimekuwa nayo kwa muda. Katika jiji letu la Kampala, anayetaka kuona historia hupelekwa upande mmoja, na anayetaka kuona mitindo ya mavazi hupelekwa upande mwingine, ilhali mavazi yanayotutambulisha mbele za watu yana habari zake kwenye vilima vilevile tunavyowapandisha wageni. Nimeyaona yote mawili kwa karibu, kwa sababu huwatembeza jamaa wanaokuja kutoka Mombasa na Mwanza, na huhudhuria maonyesho ya mitindo kila rafiki yangu mpiga picha anaponipatia mwaliko. Naomba nieleze nilichokiona, kisha wenye ujuzi mchangie.

Nianze na makaburi ya Kasubi. Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa I alijenga kasri pale mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Baadaye wakafuata Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. UNESCO iliyaingiza makaburi hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba kuu ya Muzibu-Azaala-Mpanga ikateketea kwa moto mwezi Machi 2010, na baada ya ujenzi wa miaka mingi yakaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Hayo kila mwongoza wageni anayajua kwa moyo. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba nyumba ile ni kazi ya nguo sawasawa na ilivyo kazi ya ujenzi. Sisi tuliowahi kuingia kabla ya moto tunakumbuka pazia kubwa la olubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, lililotenganisha wageni walioketi mkekani na eneo takatifu la wafalme. Rangi yake ilikuwa kama ya udongo uliochomwa, na ukilikazia macho uliona viraka vidogo vilivyoshonwa kwa mkono, kwa sababu mahali tawi lilipochipuka kwenye shina hubaki tundu gome linapobanduliwa, na fundi hulazimika kuliziba. Viraka vile vilinivutia kuliko mikuki yote iliyopangwa mbele ya lile pazia.

Kutoka Kasubi huwapeleka wageni wangu kwenye kilima cha Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa, ambao wengi bado wanauita wa Gaddafi kwa kuwa ndiye aliyegharimia ujenzi wake hadi ukafunguliwa rasmi mwaka 2008. Mgeni wa kike aliyefika na suruali hupewa kitambaa cha kujifunga kiunoni na mtandio wa kichwani, na hapo hapo mlangoni watu huanza kusaidiana kufunga, kucheka na kupigana picha. Kwa maoni yangu dakika zile ni bora kuliko ngazi zote za mnara, ingawa anayefika juu ya mnara hujionea mandhari ya vilima na mabati ambayo hayana mfano. Na hapo ndipo ningetamani mwongoza wageni aseme kwamba mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II mwaka 1844, na kwamba misafara ya pwani iliyoendelea kuja baada yake ilileta vitambaa vya pamba na kanzu, na lugha hii tunayoandikia pia. Kanzu anayovaa Muganda leo chini ya koti, ikiwa na tarizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na tumboni, ilipita njia hiyo.

Sasa tuje kwenye majukwaa ya mitindo. Sitaki nieleweke kwamba nayabeza. Gloria Wavamunno alipoanzisha Wiki ya Mitindo ya Kampala mwaka 2014, na hata kabla ya hapo tuzo za mitindo za Abryanz zilipoanza mwaka 2013, wabunifu wetu walipata mahali pa kujipima. Mwaka huo huo wa 2013 Aamito Lagum alishinda shindano la kwanza la kumtafuta mwanamitindo bora wa Afrika, na wasichana warefu waliokuwa wakichekwa shuleni wakapata jibu la kutoa. Hayo ni mafanikio. Lakini onyesho lenyewe, jinsi ninavyolikuta mara nyingi, hufanyika katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya viyoyozi, huanza saa mbili au tatu baada ya muda uliotangazwa, na hupita mbele yako kwa kasi ambayo haikuachii nafasi ya kujua kitambaa kimetoka wapi na nani amekishona. Katika onyesho moja ambalo sitalitaja jina, olubugo ilitokea kama mkanda mwembamba juu ya gauni la kitambaa cha kuagiza, mtangazaji akaitukuza kwa maneno mawili matatu ya fahari, na mwanamitindo akageuka akaondoka. Watu walipiga makofi. Niliyeketi naye, kijana mwenye digrii, aliniuliza kama ile ilikuwa ngozi ya mbuzi.

Hilo ndilo linalonikera. Ufundi wa olubugo ulitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika mwaka 2005, wenyewe tunao Mpigi na Masaka, mwendo wa asubuhi moja tu, na bado mkazi wa mjini hawezi kuutambua ukipita mita chache mbele ya uso wake. Mbunifu José Hendo, aliyezaliwa hapa na kufanyia kazi Uingereza, ameijengea nguo hiyo jina huko nje kwa kuifanya kiini cha mavazi yake, lakini hapa nyumbani bado tunaiita nguo ya kuzikia.

Maonyesho bora ya mitindo niliyowahi kuhudhuria mjini hapa, na nasema hili bila mzaha, ni ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti. Fikirieni mpangilio wake: hema mbili zinatazamana, wasemaji wa pande zote mbili wanarushiana maneno ya ufundi, na kila kikundi cha wasichana kinatoka nyumbani na vazi lake, kinapiga magoti kuwasalimia wageni, kisha kinarudi ili kingine kitoke. Bibi harusi mwenyewe hubadilisha mavazi mara kadhaa, ya gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ya mushanana, vazi la watu wa magharibi, hata ya mshono wa Kihindi, na kila akitoka ma-ssenga, yaani mashangazi, wanalijadili vazi kwa sauti, bila huruma, wakitaja fundi na bei. Hapo nguo inaonyeshwa na watu wanaoijua.

Pendekezo langu ni kwamba wabunifu watoke hotelini na waongoza wageni waiache ile njia ya kuhesabu tarehe tu. Maonyesho yafanyike karibu na mahali pa historia, mchana, na aliyetengeneza kitambaa aonekane. Karibuni.

Mwongoza Wageni

Ndugu Mkazi wa Ntinda, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Nimesoma kwa makini, kwa kuwa kazi yangu ndiyo uliyoigusa. Nakubaliana nawe kuhusu pazia, lakini naomba niweke wazi jambo moja kabla wengine hawajalichukua vibaya: Kasubi si uwanja. Mle ndani kuna wajane wa kifalme kwa cheo, kuna walinzi wa mila, na kila ukoo una kazi yake. Ukoo wa Ngeye ndio wenye kuezeka, ukoo wa Ngonge ndio wenye olubugo chini ya mkuu wao Kaboggoza, na zile pete 52 za matete kwenye paa zinasimama kwa koo za Buganda. Kuleta taa, muziki na wasichana wenye mabega wazi karibu na ua ule ni kutafuta ugomvi ambao hakuna mbunifu atakayeumaliza.

Pili, uelewe jinsi biashara yetu inavyokwenda. Wageni wengi wa kigeni wanatua Entebbe wakiwa na akili ya sokwe wa Bwindi. Kampala wanaipa nusu siku, na katika nusu siku hiyo foleni ya magari inakula sehemu kubwa. Nikisema nimpeleke mtu Mpigi akaone gome linavyobanduliwa, ananiuliza kama kuna wanyama. Wageni wanaonisikiliza zaidi ni wa Afrika Mashariki, hasa wanaokuja Juni kwa ajili ya tarehe 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, kule Namugongo, ambao huwa wametembea kwa miguu kutoka mbali, wamevaa fulana za dayosisi zao na vitenge vyenye sura za mashahidi. Hao ukiwaeleza habari za nguo wanaketi wanasikiliza, kwa sababu wao wenyewe wamevaa ujumbe.

Mahali panapofaa pendekezo lako, kwa maoni yangu, ni Makumbusho ya Uganda pale Kitante. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1908 na jengo la sasa ni la mwaka 1954; nyuma yake kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kuna miti na nyasi, na wenyeji wanaingia kwa bei ambayo familia inaimudu. Pia pale Ndere Centre wamethibitisha kwamba mtu wa mjini anaweza kulipa, akaketi nje jioni ya Jumapili, akaangalia ngoma za Uganda nzima huku mtangazaji akimweleza kila vazi la wachezaji linatoka wapi. Kama ngoma imeweza, mitindo inashindwaje?

Fundi wa Kiyembe

Mimi nashona gomesi, na cherehani yangu iko kwenye mojawapo ya vile vyumba vya Kiyembe, mtaa wa mafundi katikati ya jiji, ambavyo nyote mmepita mkikanyagana. Nasema kwa heshima kwamba mnazungumza kana kwamba nguo huanza kuwepo pale inapoonekana na watu. Njooni mwone kazi.

Gomesi moja inakula kitambaa cha mita sita hivi. Bega lake lazima lisimame na kuchongoka. Likilala, mteja anarudisha nguo na ana haki. Shingo ni ya mraba, vifungo ni viwili na vinakaa upande wa kushoto, mkanda unafungwa chini ya kiuno na ncha zake zinaachwa zining'inie mbele. Chini yake mwanamke anafunga kikooyi ili kitambaa kisimgande mwilini, na ndiyo maana mwanamke aliyevaa gomesi hutembea kwa umbo lile mnaloliona. Sasa mbunifu wa jukwaani anakuja kwangu, ananiambia nikate bega, nitoe kikooyi, nipandishe mkanda, kisha anakwenda kulitangaza kuwa gomesi la kisasa. Nashona, kwa sababu analipa. Lakini kwenye jukwaa anatoka yeye peke yake kuinama mbele ya watu.

Na kuhusu pesa mmenyamaza. Hapa chini yangu, mwendo wa kupiga kelele mtu akasikia, ni soko la Owino, ambako mivumba, yaani mitumba, inafunguliwa asubuhi na watu wa tabaka zote wanagombania. Mkazi anayeweza kupata koti la Ulaya kwa bei ya chakula cha mchana atalipaje kushona? Nchi za jumuiya yetu ziliafikiana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 Marekani ikaipunguzia nafuu ya kuuza nguo huko, wengine tukarudi nyuma. Mwaka 2023 Rais alitangaza kule Mbale kwamba mitumba imekwisha, na marobota bado yanashuka. Mimi simlaumu mtu. Nina majirani wanaolea watoto kwa kazi hiyo. Anayenivutia ni Bobby Kolade na nyumba yake ya BUZIGAHILL, ambaye anainunua mitumba hapa, anaifumua, anaishona upya kwa akili, kisha anaiuza kule kule ilikotoka. Yule ameelewa Owino kuliko wengi wanaotembeza watalii. Kama mnataka onyesho lenye maana, lifanyieni Kiyembe Jumapili maduka yakiwa yamefungwa, na kila vazi likipita aliyelishona asimame.

Binti Bombo

Wazee wangu na kaka zangu, nimefurahia mjadala, lakini naona mnaipima Uganda nzima kwa kilima kimoja. Mimi ni Mnubi. Babu zetu, askari wa Kisudani, waliletwa na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891, na ngome yake ilikuwa papo hapo Old Kampala mnapowapandisha wageni kwenye mnara. Mnapofika pale mnataja msikiti, mnataja Gaddafi, mnashuka. Mama zetu wana gurbaba zao, mavazi yetu ya kitamaduni, wana kawa za kufunikia chakula zilizosukwa kwa rangi ambazo zingemfanya mbunifu yeyote akae chini ajifunze, na Bombo iko kwenye barabara ya Gulu, si mbali. Hakuna mtalii niliyemwona akishushwa pale kwa sababu hiyo.

Vilevile tuwe waangalifu na neno la asili. Gomesi husimuliwa kwamba ilianzia mikononi mwa fundi Mgoa, mtu wa Goa kule India, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, shule iliyoanzishwa mwaka 1905. Kanzu, kama alivyosema mwanzisha uzi, ilikuja na watu wa pwani. Leo gomesi inavaliwa na Wasoga na Wagwere na wengine, nao hawaiombi ruhusa Mengo, makao ya Kabaka. Kwa hiyo onyesho likifanyika kwa jina la Buganda peke yake, litakuwa limekosea historia ya mavazi yenyewe. Mtu wa Mbarara atauliza mushanana iko wapi, na wa Karamoja atauliza shanga zake ziko wapi, na watakuwa na haki kabisa.

Jambo la mwisho. Kaka Fundi amesema kweli kuhusu jina la mshonaji, lakini hata mwanamke anayesuka kawa hatajwi, wala anayetarizi kanzu. Nimeona kawa za Bombo zimetundikwa ukutani kwenye hoteli kubwa kama mapambo, na chini yake hakuna hata karatasi ndogo inayosema zilitoka kijiji gani.

Mkazi wa Ntinda

Nawashukuru nyote. Ndugu Mwongoza Wageni, sikusudii hata kidogo kwamba wanamitindo watembee ndani ya ua wa Kasubi. Nilisema karibu na historia, na Kitante panaridhisha. Pendekezo la Kiyembe lina nguvu ya pekee, ingawa nawaza juu ya maji ya mvua yanayojaa katika vile vichochoro, na juu ya boda boda ambazo hata Jumapili hazijui kupumzika.

Dada Binti Bombo, nakubali kwamba nimetazama sana upande wa Mengo, kwa sababu ndiko vivutio vya jiji vilikowekewa vibao. Hata hivyo sioni kwamba asili ya mchanganyiko inaipunguzia gomesi chochote. Mimi naona kinyume chake: jiji lililopokea kanzu kutoka pwani, mshono kutoka kwa Mgoa, kikosi kutoka Sudan, na mutuba likaendelea kuupanda, lina hadithi ya mavazi ambayo miji mingi ingeilipia. Kosa ni kuionyesha vipande vipande, kila kipande na tiketi yake.

Ninalo swali kwa Fundi. Kwa nini wabunifu wanaitumia olubugo kama pambo tu? Ni woga wa wateja wanaoihusisha na msiba, au kuna tatizo katika nguo yenyewe?

Fundi wa Kiyembe

Yote mawili, lakini la pili ni kubwa zaidi na halisemwi jukwaani. Olubugo haikufumwa. Haina nyuzi za kwenda na kurudi kama pamba. Ni gome lililopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mifereji mipana hadi membamba, mpaka likatanuka na kulainika. Ukiikata na kuishona kwa sindano nene, mstari wa matundu unakuwa njia ya kuchanikia. Kwenye kiwiko na makalio haidumu. Haifuliwi kwa sabuni na kukamuliwa kama shati. Mimi nikipewa olubugo nabandika kitambaa chepesi cha pamba kwa nyuma kwanza, natumia sindano nyembamba na mshono mrefu, na sikubali kuitumia kwa suruali. Koti, kizibao, mfuko, kofia, sketi pana isiyobana, hizo zinawezekana kabisa. Mbunifu asiyetaka kutumia siku mbili kuibandikia kitambaa ndiye anayeishia kwenye mkanda.

Hapo ndipo Mkazi ana hoja kweli. Watu wakiona jinsi inavyopondwa, wataelewa kwa nini koti lake lina bei ile, na hawataomba suruali.

Binti Bombo

Basi Kaka Fundi, nyuma ya hiyo olubugo ungebandika nini kama si pamba ya kuagiza? Kiwanda cha nguo cha Jinja kilipokuwa kwenye ubora wake, watu walikuwa wakishona sare za shule za nchi nzima kwa kitambaa chake. Ni vyema mtalii anayepelekwa Jinja kuangalia chanzo cha Nile aonyeshwe na upande huo pia.

Fundi wa Kiyembe

Ya Jinja ninaitumia ninapoipata. Inapatikana, ila wateja wangu wengi huuliza bei kwanza, na kitambaa cha kutoka nje hushinda hapo.

Mwongoza Wageni

Kwa kuwa mjadala umefika kwenye kupondwa kwa gome, nitoe nafasi. Ninafahamiana na mzee mmoja upande wa Mpigi, wa ukoo wenyewe, ambaye huwapokea watu wachache wachache. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, shina likiwa na maji, na baada ya hapo hufungwa majani ya mgomba ili liote jingine. Mti mmoja huweza kuvunwa tena mwaka unaofuata na kuendelea hivyo kwa miaka mingi. Kazi ya kuponda hufanyika kwenye banda lenye kivuli, kwa sababu gome likikauka haraka linapasuka. Anayetaka kuona kubanduliwa lazima awe amefika mapema, kabla jua halijawa kali, kwa hiyo tutatoka Kampala alfajiri ili tuipite foleni ya Busega.

Masharti ni machache. Mzee hupewa heshima yake na malipo yake mkononi, picha zinaombwa kabla ya kupigwa, na nyundo haishikwi mpaka aitoe yeye. Fundi, ukija na sindano zako na kipande cha pamba, naamini mtaelewana naye kuliko sisi wote. Dada Binti Bombo, siku ya kurudi ratiba ikiruhusu tunaweza kuzungukia kwenu. Na ndugu Mkazi wa Ntinda, najua unapenda kupendeza unapotembea, lakini utomvu wa mutuba hautoki kwenye nguo nyeupe. Kanzu iache nyumbani, uje na kitu cha Owino.